Kuhama Si Kuhamishwa

Sekretaria, yaani ofisi ya shule yetu, niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimesimama barazani, hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji, viatu vya kuazima vikinibana, na mbele yangu mlango umefungwa. Kutoka ndani ikaja sauti nisiyoijua: krrk. Kimya. Krrk. Kama mtu anayetafuna makopa kwa adabu. Nikapiga hodi. Krrk. Nikapiga tena, na sauti ya mwanamume ikasema, "Unyanyue!"

Ninyanyue nini? Nikatazama chini, labda nimekanyaga kitu.

"Mlango, dada! Unyanyue kwanza, ndipo usukume!"

Ninyi mnaokaa ndani sasa mnaujua mlango huo. Mbao zake hunywa chumvi ya bahari, huvimba, na mgeni huusukuma mpaka bega limuume. Dawa yake ni kuushika mkono, kuunyanyua kama unayemsimamisha mzee kutoka kwenye mkeka, kisha uende nao. Asubuhi ile sikuijua dawa. Niliingia kwa kishindo, kilemba begani, na ndivyo kazi yangu ilivyoanza.

Mliniomba, siku ya kuagana, niandike jinsi tulivyokuwa tukiwasaidia vijana kuomba vyuo vikuu vya nje. Anayetaka habari za vyeo vyangu na mishahara yangu alitafute faili langu. Ni jembamba, hatachelewa. Mimi nitaandika ninayoyakumbuka kwa mapenzi.

Mtu aliyekuwa nyuma ya mlango alikuwa Senhor Bernardo, mkuu wa sekretaria, Mmakonde wa Mweda, mwembamba kama rula. Kiswahili alikipata utotoni Tanzania, wazazi wake walipokimbilia huko wakati wa vita vya uhuru. Baadaye serikali ikampeleka kusoma Kuba, akarudi na Kihispania ambacho alikitumia kutukana mashine ya kuchapa tu. Sauti niliyoisikia ilitoka kwenye chombo chake cha chuma chenye mkono mrefu, kile Wareno walichokiita selo branco: muhuri usio na wino. Unaingiza karatasi mdomoni mwake, unakandamiza, na karatasi inatoka nyeupe vilevile.

Akanipa cheti kilichotoka kupigwa. "Unaona nini?"

"Sioni kitu, Senhor."

"Vizuri. Sasa pitisha kidole."

Nikapitisha. Chini ya kidole changu herufi zikainuka moja moja kama vipele vya joto: jina la shule, jina la wilaya, ngao ya taifa katikati.

"Hiyo ndiyo shule yenyewe," akasema. "Wino hata muuza vitumbua anao."

Somo la pili lilikuwa majina. Mtoto mmoja wa pwani yetu huzaliwa Bakari kwa mama yake, huandikwa Bacar kwenye cheti cha kuzaliwa, na muuguzi mwenye haraka humwandika Bacari kwenye kadi ya chanjo. Kwetu huyo ni mtu mmoja anayeitwa kwa ndimi tofauti. Kwa chuo cha ng'ambo ni watu watatu, na wawili kati yao ni matapeli. Kwa hiyo kijana akija kwenu na ndoto zake, kabla ya kumuuliza amefaulu vipi, muulizeni anaitwa nani kwenye kila karatasi. Ndoto zinaweza kungoja. Kurekebisha jina kwenye rejista ya vizazi hakungoji, maana kunaweza kumaliza msimu mzima wa korosho.

Tulitaniana sana, yeye wa bara na mimi wa pwani. "Ninyi watu wa maji," alizoea kusema, "mkiulizwa mmeshiba mnasema mmeonja."

"Na ninyi wa milimani," nilimjibu, "mkionja mnasema mmeshiba, ili mgeni akose."

Utani ule naomba muushike. Ulikuja kufanya kazi kubwa kuliko tulivyodhani.

Miaka ile ya kwanza waombaji wa vyuo vya nje walikuwa wachache, na wote walikuwa wa aina moja. Walimaliza darasa la kumi na mbili hapa kwetu, wakaomba Ureno au Aljeria wakiwa bado wananuka chaki. Kireno kinamwita kijana wa namna hiyo kaloiro, mwanafunzi mbichi wa mwaka wa kwanza. Mzigo wa kaloiro ni mwepesi: cheti cha sekondari, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwalimu anayemfahamu, na insha ya kujieleza. Hana alichokifanya bado. Anapimwa kwa anachoahidi, na kuahidi vijana wetu walijua.

Kisha ikaja gesi. Helikopta zikaanza kupita juu ya mabati mapema kuliko jogoo, na wageni wenye fulana za rangi ya chungwa wakajaa njiani. Mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye zamani hata mbuzi hawakumpisha, akawa anatembea kama bwana harusi. Kila mtoto akataka kuwa injinia, pamoja na wale waliokuwa wakijificha chooni saa ya hisabati. Sekretaria ikajaa. Senhor Bernardo alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini kila Ijumaa, kabla ya swala yetu sisi, alikuja kuitia mafuta selo yake. Mafuta ya mkono wa mtu mwingine hakuyaamini.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Rabia.

Rabia alikuwa binti wa mkulima wa minazi, Bakari, wa kijiji cha rasini, ng'ambo ya ghuba, pale ambapo kiwanda cha gesi kingejengwa. Alisoma hapa Palma akikaa kwa shangazi yake. Alikuwa na tabia moja iliyomuudhi Senhor Bernardo: kila akitoka ofisini aliuacha mlango wazi. "Rabia! Mlango!" Naye angerudi, akausukuma bure kwa bega, akacheka, akaenda zake.

Siku moja, akiwa darasa la kumi na moja, alikuja kuchukua karatasi ya shangazi yake akasimama mezani kwangu. "Dona Atija, unajua gesi waliionaje?"

"Kwa mashine zao, mwanangu."

"Hawakuiona. Waliisikia." Akaniinamia kama anayenipa umbea. "Meli inapiga sauti baharini. Sauti inashuka, inapita mchanga, inapita mwamba, na kila mwamba unaijibu kwa sauti yake. Meli inasikiliza yale majibu. Baba alikuwa na wenzake kwenye mtumbwi, wakasikia mshindo unapanda miguuni, na meli yenyewe haionekani popote. Wakasoma dua. Mimi nataka kujua mwamba unasema nini."

Nimeshughulika na vijana wengi waliotaka kuondoka. Huyu alikuwa wa kwanza kumwona anayetaka kitu.

Alipomaliza shule alipata nafasi ya jiolojia katika chuo kimoja Nampula. Alisoma huko miaka miwili, na likizo alizokuja nyumbani alikuwa na mawe mfukoni badala ya pipi. Halafu likizo moja akaingia ofisini amekunja uso. Mwalimu wake wa Nampula, mtu mwungwana, alimwambia wazi: tumekufundisha tulichonacho, lakini kusikiliza miamba kunataka mitambo, na mitambo iko mbali. Akamtajia vyuo vya Marekani. Rabia alikuwa tayari kuomba. Kilichomkunja uso ni jinsi ya kuomba.

"Binamu yangu Momade anasema niombe kama kaloiro," akasema.

Momade alifanya kazi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, mkalimani wa watu wa gesi, kijana mwerevu mwenye simu mbili. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Bolsa, yaani misaada ya masomo, nyingi zilitengwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza. Kwa wanaotoka chuo kingine zilibaki chache, za kugombaniwa. Na bila bolsa Rabia asingefika hata uwanja wa ndege. "Hiyo miaka miwili ifukie," Momade alimwambia. "Onyesha cheti cha sekondari, jifanye umemaliza jana. Nani atatoka Marekani kuja kuuliza Nampula?"

Tukayafungua masharti pamoja kwenye kompyuta, jenereta ikikohoa nje. Yalikuwa yameandikwa wazi. Aliyewahi kusoma chuo kikuu baada ya sekondari si kaloiro tena, hata kama alikaa muhula mmoja na kuondoka. Lazima ataje kila chuo alichosomea. Anayeficha hupokonywa nafasi, hata akiwa ameshaketi darasani, hata akiwa amebakiza wiki ya kuhitimu.

"Basi mimi ni nani?" akauliza.

"Wewe ni mwanafunzi wa transferência."

"Wa kuhamishwa?"

"Ndiyo hivyo," nikasema, nikaendelea kusoma tarehe za mwisho.

Neno lile akalibeba likiwa bichi, akavuka nalo ghuba.

Ijumaa iliyofuata mlango ulisukumwa mpaka ukapiga ukuta. Alikuwa Bakari, kanzu imelowa mpaka magotini, Rabia nyuma yake ameinamisha kichwa. Senhor Bernardo alikuwa kwenye kona yake na kitambaa cha mafuta.

"Salaam aleikum, dada Atija."

"Aleikum salaam, kaka Bakari. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Mlianza na mashamba yetu, sasa mmefika kwenye watoto?"

"Una maana gani, kaka?"

"Binti yangu ananiambia atahamishwa! Nikamuuliza, na nani? Na chuo. Haya. Mimi nahamishwa na gesi. Mke wangu anahamishwa na mimi. Makaburi ya wazee wetu sijui yatahamishwa na nani, na kama yataulizwa. Nilibakiwa na huyu mmoja, nikajisemea huyu hayumo kwenye orodha ya mtu. Kumbe na yeye!"

Ndipo nilipoelewa. Katika kijiji chake neno hilo halikuwa neno la shule. Lilikuwa neno la mikutano, la watu wenye ramani na kofia ngumu, la nyumba zilizopigwa namba. Hapa ofisini tulikuwa tumelitia mdomoni mwa mtoto wake kana kwamba halijawahi kutumika.

Senhor Bernardo akainuka, akaenda kuunyanyua mlango na kuufunga. "Kaa, Bakari. Hata kugomba kunataka kiti."

Bakari akakaa, lakini pembeni kabisa ya kiti, kama mtu anayekiazima kwa muda mfupi.

Nikamweleza. Kuna njia mbili, nikasema. Ya kwanza ni ya kaloiro. Anayeingia nayo anasema, mimi nimemaliza sekondari tu, nianzisheni. Ya pili ni ya mtu anayetoka chuo kimoja kwenda kingine. Huyo anabeba kila somo alilofaulu. Wale wa huko wanalitazama moja moja: hili linalingana na letu, tunalihesabu, hili halilingani, atalirudia. Njia ya kwanza ina misaada mingi, ila Rabia akiipita itabidi aseme hajasoma kitu Nampula.

"Aseme hajasoma?"

"Ndiyo, kaka."

"Na wakimgundua?"

"Watamrudisha. Hatakuwa na kule wala Nampula."

"Na akisema ukweli, wakakosa cha kumsaidia?"

"Basi hatakwenda. Hilo siwezi kukuficha."

Aliupangusa uso kwa kiganja, na nilidhani atasimama aondoke. Badala yake akarudi nyuma kwenye kiti, mgongo ukagusa ubao kwa mara ya kwanza.

"Mnamjua jirani yangu Selemane?" akauliza. "Siku walipokuja vijana wa kuhesabu mali, ili tulipwe fidia ya huku kuhamishwa kwetu, walianzia kwake. Wakamuuliza, mzee, una minazi mingi? Selemane akawajibu kama tulivyolelewa: ah, ya kujikimu tu, hivi vidogo vidogo. Alikuwa anakinga jicho. Nani kwetu anasimama mbele ya mgeni akaitaja mali yake? Mgeni wa kwetu angejua, angesema mashallah, angekwenda kutazama mwenyewe. Yule kijana akaandika alivyoambiwa. Vidogo vidogo."

"Masikini," nikasema.

"Shamba lile lilipandwa na babu yake! Mimi nilikuwa uani kwangu, nasikia kila neno. Walipofika kwangu nikawaambia, vueni viatu, wanangu, leo mtatembea. Nikawashikisha mnazi mmoja mmoja. Huu aliupanda marehemu mama. Huu ulianza kuzaa mwaka aliozaliwa Rabia. Huu ni mgonjwa, lakini uandikeni. Wakasema, mzee, huu unakufa. Nikawaambia, mgonjwa naye ni mtu, andika!"

Senhor Bernardo alicheka mpaka akakiangusha kitambaa. Bakari mwenyewe hakucheka. Alimgeukia binti yake.

"Rabia. Nampula umesoma nini?"

"Kidogo tu, baba," Rabia akasema, macho chini, kwa adabu zote za pwani.

Kutoka kwenye kona sauti ya bara ikasema polepole, "Ameonja."

"Usinijibu kama Selemane," Bakari akasema. "Nimekuuliza umesoma nini."

Rabia akaniangalia. Sikumsaidia. Akaanza kwa sauti ndogo: fizikia. Kemia. Elimu ya madini. Baba yake akaitikia kwa kichwa kila moja, na vidole vikihesabu kama yuko kwenye tasbihi. Kuchora ramani za ardhi. Miamba ya mchanga na jinsi inavyolazwa na maji. Visukuku. Kadiri alivyotaja ndivyo kichwa kilivyoinuka, na alipofika kwenye mawimbi ya sauti ndani ya ardhi alikuwa ameshasahau kwamba tupo, anatuchorea mezani kwa kidole, mwamba huu hivi, mwamba huu hivi. Nimeona wasichana wakivikwa dhahabu siku ya harusi. Sijaona aliyependeza kama huyu alipokuwa akitaja alichokijua.

Kisha akasita. "Na hisabati ya mwaka wa kwanza. Nilianguka, nikairudia, nikapita."

"Mgonjwa naye uandike," akasema baba yake.

Akasimama, akaikung'uta kanzu iliyokuwa imeshakauka. "Dada Atija, mwandikeni. Aende na vyote. Lakini lile neno lisiingie tena nyumbani kwangu. Anayehamishwa hutolewa. Huyu anahama. Anayehama hutoka mwenyewe, na vyake kichwani."

"Tangu utoto nasema Kiswahili," Senhor Bernardo akaniambia walipoondoka, akienda tena kuunyanyua mlango waliouacha wazi wote wawili, "leo ndiyo nimekisikia."

Kazi ikaanza, na hapa nawaandikia ninyi mtakaoifanya. Mzigo wa anayehama ni mzito. Cheti chetu cha sekondari bado kinatakiwa, kwa hiyo msijione mmepona. Juu yake kuna matokeo ya kila muhula wa chuo anachotoka, na juu ya hayo kuna maelezo ya kila somo: lilifundisha nini, kwa saa ngapi, kwa vitabu gani. Bila maelezo hayo wale wa ng'ambo wanaona jina tu la somo, na jina haliwezi kupimwa. Rabia alirudi Nampula akamfuata kila mwalimu. Mmoja alimpa maelezo akiwa kwenye foleni ya mkate. Barua za sifa ziandikwe na hao walimu wa chuo, si na sisi tuliomjua akiwa na sare. Na atakapoeleza kwa nini anaondoka, asiitukane nyumba anayotoka. Aseme anakokwenda kuna nini.

Tafsiri ya Kiingereza aliifanya Momade. Alipoambiwa uamuzi alisema "haya" ndefu kidogo, kisha akachukua zile karatasi zote na kuzifanyia kazi jioni baada ya jioni, na hakukosea hata jina la jiwe. Namsifu kwa hilo. Si kila mtu husaidia njia aliyoipinga.

Insha ilitutesa zaidi. Rabia aliandika kwamba yeye ni msichana wa kawaida, anajua kidogo kuhusu miamba, ana bahati kidogo, na angependa kujifunza kidogo zaidi. Senhor Bernardo akachukua kalamu nyekundu, akakizungushia kila kidogo duara. Ukurasa ukawa kama mtoto mwenye tetekuwanga.

"Lakini nitaonekana najivuna, babu," Rabia akalalamika.

"Kujivuna ni kusema una mnazi usio nao. Hii ni kutembeza wageni shambani."

Insha ya pili ilianza na mshindo uliopanda miguuni mwa wavuvi, na haikuwa na kidogo hata kimoja.

Tukatuma. Chuo cha kwanza kikajibu kwa upole kwamba nafasi ipo, bolsa ya wanaohama imekwisha. Rabia aliisoma barua hiyo amesimama. Hakulia mbele yetu. Aliuliza tu kama zile nakala zinaweza kutumika mahali pengine. Nikamwambia zinaweza, na arudi darasani Nampula kama kawaida, maana mtu hafungi mlango wa uani kabla wa mbele haujafunguliwa. Akarudi, akaendelea kufanya mitihani yake kana kwamba hakuna anachokingoja.

Chuo cha pili kikatuandikia swali lililonipandisha homa. Cheti cha sekondari, walisema, hakina muhuri wowote. Wangeweza kukikataa.

Hakina muhuri! Nikakipitisha kidole, muhuri huu hapa. Kisha nikatazama picha tuliyoituma, na kweli, karatasi nyeupe tupu. Mashine ya kunakili ina macho tu, haina kidole. Nikampelekea Senhor Bernardo nyumbani kwake. Akaiangalia ile picha kwa muda, mtu aliyeniambia siku ya kwanza kwamba wino hata muuza vitumbua anao.

"Haya," akasema. "Kumbe na selo yangu ina adabu za pwani."

Akaomba penseli laini. Akailaza ubavu, akaipitisha juu ya zile herufi kwa wepesi wa mtu anayempaka mtoto mafuta, na shule yetu ikajitokeza kwenye karatasi, ya kijivu, ngao na yote. Tukanakili upya, tukatuma. Penseli iwe laini na mkono uwe mwepesi. Kalamu ya wino msiiguse kabisa. Ninayo bado ile penseli. Nimewaachia kwenye droo, pamoja na mafuta ya selo.

Jibu lilikuja wakati maembe yameanza kuanguka. Rabia alilipata kwenye simu, akalisoma mara nyingi njiani, na alipofika kwetu alilisoma tena kwa sauti. Wamempokea kama mwanafunzi wa kuhamia. Bolsa imepatikana, na atafanya kazi kwenye maabara ya miamba. Masomo mengi ya Nampula wameyahesabu. Mawili wameyakataa, atayarudia huko.

Bakari alikuwa amekuja naye. "Ya hisabati wameikataa?" akauliza kwanza.

"Hapana, baba. Hiyo wameipokea."

"Nilijua," akasema. "Yale mawili yasikuumize. Na mimi kuna minazi yangu waliiandika vichaka."

Siku ya kuaga walikuja pamoja tena, Ijumaa. Bakari alituletea madafu, moja langu na moja la Senhor Bernardo. "Ya ule mnazi mgonjwa," akasema, na tukayanywa palepale, matamu. Kijiji chake kilikuwa bado kinangoja kuambiwa siku ya kuondoka. Hakulizungumza hilo.

Kulikuwa na nakala moja ya mwisho ya kupiga muhuri, ya kubeba mkononi. Senhor Bernardo akaivuta selo mpaka ukingoni mwa meza. "Piga mwenyewe," akamwambia Rabia. Rabia akaingiza karatasi, akalalia mkono wa chuma kwa uzito wake wote. Krrk. Akafumba macho, akapitisha kidole.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama," tukaitikia.

Bakari akatangulia kutoka, kwa sababu hakutaka tumwone uso. Rabia akamfuata na mkoba wake. Akavuka kizingiti, akapiga hatua barazani, na Senhor Bernardo tayari alikuwa amefungua kinywa kuita.

Akageuka kabla hajaitwa. Akaushika mkono wa mlango, akaunyanyua taratibu kama anayemsimamisha mzee kutoka kwenye mkeka, na akaufunga nyuma yake.